Kurasa za Kushoto

Alama ya kwanza ilikuwa kimstari kidogo cha penseli, ukurasa wa arobaini na moja, pembeni mwa aya ambapo bwana mmoja anamwapia mkewe kwamba hajawahi kumpenda mwingine. Chini ya kimstari yaliandikwa maneno matatu: "Huyu anadanganya waziwazi."

Fundi miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, kosa ambalo huwakemea wateja wake kila siku, akaivaa tena. Maneno yalikuwa palepale. Kitabu kilikuwa kipya. Alikinunua jana yake, akakichana mwenyewe nailoni yake kwa kisu cha jikoni, na kilikuwa bado kinanuka duka. Kilitoka kiwandani miezi miwili tu iliyopita. Na mwandiko ule, wenye herufi zote zilizolalia upande mmoja, ulikuwa wa mkewe, ambaye alizikwa miezi kumi na moja nyuma.

Wengi hudhani majini wana saa zao, kwamba husubiri giza liingie na mbwa waanze kubweka. Huyu hakuwa na adabu hiyo. Alikuja Jumapili, saa tisa alasiri, jua limejaa sebuleni, mtoto anaosha vyombo jikoni na redio ya jirani inatangaza mpira.

Ili uelewe kwa nini mtu mzima na akili zake hakutoka mbio, lazima ujue ndoa yake ilikuwa ya namna gani. Yeye ana duka dogo la miwani. Kutwa anapima macho, anasaga lenzi na kukaza skrubu ambazo zikidondoka sakafuni ndiyo basi tena. Mkewe alikuwa karani wa mahakama, anapiga chapa hukumu za watu. Hawakuwa watu wa mpira wala wa kuzungukia harusi za watu. Starehe yao ilikuwa moja, kusoma riwaya mpya na kuzihakiki. Hakuna aliyewatuma. Walipeleka mapitio yao kwenye kundi la wasomaji simuni, wakijiita "Wa Meza Moja", na watu mia tatu wasiowajua hata kwa sura walingoja Jumapili jioni wajue kitabu gani wakitafute na kipi wakikwepe.

Walikuwa na utaratibu wao. Nakala ilikuwa moja tu. Mke alitangulia, penseli mkononi, akiandika kwenye pambizo. Mume alifuata na kalamu ya buluu, akijibu. Mke alihukumu vitabu kama alivyozoea kazini. Akichoshwa anaandika, "Mshtakiwa amepatikana na hatia ya maneno mengi." Mume, ambaye humhurumia kila mwandishi, anajibu, "Mpe nafasi, bado kijana." Mke anarudi chini yake, "Ujana si utetezi." Katika miaka kumi na nne hawakukubaliana hata kitabu kimoja, na watu waliwapenda kwa hilo, maana walisikia wawili wakibishana bila kuachana.

Ila sura ya mwisho hakuna aliyeruhusiwa kuisoma peke yake. Waliisoma mezani, kwa sauti, Jumapili alasiri. Mume alisoma kurasa za kulia, mke za kushoto. Mke ndiye aliyegeuza karatasi, na kabla ya kugeuza alilamba kidole gumba, tabia mbaya ambayo mume aliikemea miaka yote bila faida. Kidole chenyewe cha mkono wa kushoto, maana yeye alitumia kushoto kwa kila kitu, kuandika, kula, hata kupiga pasi.

Riwaya yao ya mwisho ilihusu ndugu wawili waliogombania nyumba ya baba yao. Walibakiza sura moja mke akiwa kitandani hospitalini. Alasiri ile akamwambia mumewe, "Nenda nyumbani ulete kitabu. Tumalize leo." Mume akaenda. Foleni ilikuwa ndefu, funguo zikamgomea, kitabu kikawa kimejificha chini ya mto. Aliporudi nacho kwapani, shuka lilikuwa limeshavutwa mpaka juu.

Aliyekuwa chumbani na mama ni binti yao wa miaka kumi, ambaye mama mwenyewe alimwita Chiriku kwa sababu alikuwa anaongea tangu anaamka mpaka anasinzia na kijiko mdomoni. Chiriku baadaye alisema mengi, lakini ya chumba kile hakuyagusa, na baba yake hakuuliza. Alikuwa na maswali mawili. La kwanza, mama alikuambia nini? La pili, aliniita? Hili la pili aliliogopa hata kulifikiria mpaka mwisho, kwa sababu kama aliita, basi alimwita mtu aliyekuwa kwenye foleni na kitabu kwapani.

Wiki mbili kabla ya ile alama ya penseli, moyo ulimzidi nguvu. Akaketi mezani, akaweka kitabu cha ndugu wawili mbele yake, akavuta kiti cha mkewe karibu na kuanza sura ya mwisho kwa sauti. Alisoma ukurasa wake wa kulia. Wa kushoto hakuusoma. Aliinamisha macho na kukaa kimya kwa muda ule ambao mkewe angeutumia, kisha akaendelea na wa kwake, hadithi ikimfikia vipande vipande, mtu anabisha hodi ukurasa huu, ukurasa mwingine tayari analia, na hujui kilichomliza. Katikati ya sura, kabla hajanyoosha mkono kugeuza, alisikia ulimi ukilamba kidole. Ni kisauti kidogo, chenye unyevu, upande wa kiti kitupu. Karatasi ikainuka na kulala upande wa pili, polepole, bila upepo.

Hakukimbia. Alilia, na huku analia akasoma wake, akaachia wa kushoto, akasoma, akaachia, mpaka mwisho wa kitabu. Hilo ndilo kosa lake, na sidhani kama kuna mtu mwingine duniani angelifanya.

Kwa hiyo Jumapili ile alipoona "Huyu anadanganya waziwazi", alichukua kalamu ya buluu akaandika chini yake, "Labda anajidanganya mwenyewe." Kesho yake jibu lilikuwapo: "Wewe kila mwongo unamtafutia wakili."

Fundi alicheka peke yake mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia bafuni, akafungulia maji ili mtoto asisikie, akalia tena.

Wiki sita zile zilikuwa za furaha, ni lazima niliseme hilo. Alinunua riwaya tatu. Alizilaza mezani wazi, alasiri moja baada ya nyingine, akatoka kwenda dukani, na akirudi pambizo zimejaa. "Wa Meza Moja" wakarudi kwenye kundi, na katibu wa kundi akaandika kwamba mapitio yamerudi na makali yake yote. Fundi akawa anapiga mluzi akisaga lenzi. Nyumbani kulinuka penseli iliyochongwa, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya karatasi iliyolowa na kusahauliwa kwenye ndoo, lakini akajiambia ni ukuta unavuta maji.

Katika riwaya ya pili palikuwa na mama anayempeleka mtoto shule. Pambizoni aliandikiwa hivi: "Huyu mwandishi hajawahi kumvalisha mtoto viatu. Mimi Chiriku nilimfunga mafundo mawili, kisha busu goti la kulia, busu goti la kushoto, ndipo anakubali kwenda." Hilo fundi hakulijua. Asubuhi zote hizo alikuwa ameshatoka. Akauweka mkono juu ya maneno yale na kusema moyoni, basi ni yeye, nani mwingine angejua? Kulikuwa na mwingine mmoja aliyejua, lakini hakumkumbuka.

Kesho yake Chiriku alisimama mlangoni, kamba za viatu zikiburuta.

"Baba, hizi zinafungwaje?"

"Utani wa asubuhi huo."

"Sitanii. Najua kwamba najua. Ila mikono haikumbuki."

Fundi akapiga goti, akamfunga, akaangalia saa. Alikuwa na haraka ya kurudi mapema.

Wiki iliyofuata pambizo lilimtajia wimbo ambao mama na mtoto waliuimba wakati wa kuoga, maneno yote, pamoja na mahali Chiriku alipokosea makusudi ili arudiwe. Tangu siku hiyo mtoto alioga kimya. Kisha likamtajia jina la siri la mdoli, na mdoli akakutwa kwenye ndoo ya taka. Kidogokidogo maneno kuhusu vitabu yalipungua na maneno kuhusu nyumba yakaongezeka, na kila fundi alipoandika jambo kwa buluu, jibu likawa lilelile: "Umesema kweli, mume wangu." Hapo alipapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa anayemdai maelezo.

Halafu akauliza. Alikuwa ameketi mbele ya riwaya ya tatu, saa kumi, mvua ndogo dirishani, na akaandika kwenye ukurasa mweupe wa mwisho: "Siku ile hospitalini, ulimwambia nini mtoto?"

Jibu alilikuta siku ya pili, limejaza ukurasa: "Nilimwambia, usiache kuongea, mwanangu. Baba yako ni mtu wa kimya. Nyumba ikinyamaza ataingia kwenye kitabu na hatatoka. Basi wewe muongeleshe, hata akikuambia umemchosha, muongeleshe tu, kila siku, kwa ajili yangu."

Fundi alisoma mara tano. Alikumbuka miezi yote ile tangu mazishi, Chiriku akimfuata chumba hadi chumba, akimsimulia habari za paka wa jirani, za mwalimu aliyevaa soksi tofauti, za ndoto, na yeye akijibu "mmh" bila kuinua macho. Kumbe mtoto alikuwa kazini. Akainuka kwenda kumkumbatia. Akamkuta amekaa pembeni ya kitanda, mikono mapajani, anatazama ukuta.

"Chiriku."

Mtoto aligeuza uso baada ya muda, kama aliyeitwa kwa jina la mwenzake. Hakusema kitu. Hakusema kitu wakati wa chakula, wala asubuhi, wala siku ile yote, na nyumba ikanyamaza mpaka fundi akasikia friji ikipumua jikoni.

Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikuja Ijumaa kuwaangalia. Ni mwanamke mwenye macho ya kutazama vitu mara mbili. Alimkata mtoto kucha, akamaliza mkono wa kulia, akashika wa kushoto na kusimama. Kucha zote tano zilikuwa nyeusi kwa risasi ya penseli, na kidole cha kati kilikuwa kimeota sugu.

"Mwanangu, tangu lini unaandikia kushoto?"

"Siandikii kushoto, mama mdogo." Sauti ilitoka nyembamba. Kisha mtoto akaelekeza kidole kwenye picha iliyotundikwa juu ya redio, picha ya mama yake siku ya harusi. "Yule ni nani?"

Mama mdogo alimkamata shemeji yake jikoni, akafunga mlango, na walinong'ona kama wezi.

"Shemeji, humu ndani kuna nini?"

Fundi akamletea vitabu. Hakuwa na nguvu ya kuficha. Mama mdogo alifungua, akasoma, akafunika mdomo, akasoma tena, na alipofika kwenye kitabu cha tatu alikirudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Umesema kweli, mume wangu," alinong'ona. "Mara ngapi imeandikwa hapa? Dada yangu alikuwa hamkubalii hata shahidi aliyeapishwa. Shemeji, wewe uliishi naye miaka kumi na nne. Hukuona?"

Fundi aliketi kwenye kigoda cha jikoni.

"Niliona," alisema. "Niliona tangu wiki ya tatu."

"Ukanyamaza?"

"Nilijua si yeye. Lakini ulikuwa mwandiko wake, shemeji. Ningefanyaje, niufute?"

Jumapili hawakutoka. Waliweka kitabu mezani wazi kama kawaida, wakajibanza jikoni nyuma ya mlango wenye kioo, na saa tisa kamili, jua likiwa jeupe sakafuni na watoto wa jirani wakicheka nje, walimwona Chiriku akitoka chumbani kwa hatua ndefu ambazo si za mtoto, akavuta kiti cha mama yake kwa mguu kama mama yake alivyokivuta, akaketi upande, akachonga penseli bila kuitazama, akalamba kidole gumba cha kushoto na kufunua ukurasa, akalamba na kufunua, macho yake yakiwa wazi lakini hayasogei kwenye mistari hata kidogo, kwa sababu hakuwa anasoma kitabu, na mkono ulipoanza kuandika, mbio, wenyewe, uso wa mtoto ulikuwa unabadilika kidogokidogo kama chumba kinachotolewa vyombo, kimoja kimoja, na watu wasiosema kitu. Fundi aliuma kiganja chake asipige kelele.

Mganga waliyemwendea alikuwa mteja wa fundi mwenyewe, bibi mwenye macho mabovu kupindukia, ambaye lenzi zake nene fundi alizisaga kwa siku mbili. Hakuwa na mbwembwe. Aliwapa viti, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Nani alikikaribisha?"

"Mimi, bibi," alisema fundi, na akaeleza habari za kurasa za kushoto.

Bibi alivua miwani, akapangusa macho. "Fundi, hicho kiumbe hakijui kitu. Hakijawahi kuolewa, hakijawahi kuzaa, hakijawahi kufa. Kinasoma tu. Mama yake mtoto yumo ndani ya mtoto, basi kinamsoma humo, na kila ukurasa kinaokusomea wewe kinauchana. Kikimaliza ya mama kitasoma ya mtoto mwenyewe."

"Kitatokaje?"

"Ulikiachia kimya, kikakaa humo. Chukua kitabu kilekile, sura ileile, meza ileile. Usome kurasa zote, zako na zake. Usikiachie hata mstari. Kitaomba. Kitakupa unachokitaka kuliko vyote. Wewe soma."

"Na vile kilivyovichukua?"

Bibi alirudisha miwani usoni na kuchukua muda mrefu kuiweka sawa. "Hivyo havirudi, mwanangu."

Walifanya hivyo Jumapili iliyofuata. Mama mdogo alisimama mlangoni. Bibi aliketi kando ya mtoto, akaushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yake miwili. Fundi akafungua sura ya mwisho ya kitabu cha ndugu wawili, na akaanza kwa sauti ya mtu anayesomea chumba kizima.

Ukurasa wa kwanza wa kulia ulipita salama. Alipogeuza na kuanza wa kushoto, harufu ya karatasi iliyolowa ilipanda ghafla mpaka akaionja, na kinywa cha mtoto kikafunguka, sauti ikatoka, sauti ya mke wake, ile yenye mkwaruzo kidogo asubuhi, ikisoma maneno yaleyale, ikimtangulia kwa neno moja, ikimfukuza nje ya ukurasa. Fundi akapandisha sauti. Ikanyamaza, kisha ikasema polepole, "Huo ni wangu. Niachie mmoja tu, mume wangu, tumeishi vizuri sisi, nani mwingine anakuongelesha?" Fundi akasoma. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye karatasi na maneno yalikuwa yanavimba, lakini akasoma, wa kulia, wa kushoto, bila kuvuta pumzi mahali pa kuvutia pumzi, akapita pale mtu anapobisha hodi na sasa akajua kilichomliza, na ile sauti ikasogea, ikawa karibu na sikio lake ingawa mtoto hakuondoka kitini, ikasema kwa upole ambao mkewe alikuwa nao mara chache na kwa hiyo aliuthamini, "Una swali la pili. Nalijua. Ulipokwenda kuleta kitabu, unataka kujua kama nilikuita. Limo humu, mtoto alikuwapo, alisikia yote, limebaki hilo tu. Nyamaza ukurasa mmoja nikusomee," na mikono ya fundi ikakakamaa, na kwa kitambo kifupi mno ambacho hatajisamehe maisha yake yote alitazama kinywa cha binti yake na kutamani kiendelee. Kisha akainamisha kichwa na kusoma.

Alisoma mpaka ukurasa wa mwisho kabisa, nao ulikuwa wa kushoto. Hapo mdogo wa wale ndugu wawili anaweka ufunguo juu ya dirisha na kuondoka, nyumba anamwachia kaka yake. Fundi alipotamka neno la mwisho penseli ilibingirika mezani yenyewe, ikadondoka, ikavunjika ncha. Harufu ikaondoka. Chiriku alilegea kifuani mwa bibi na kulala.

Fundi alibaki ameshika kitabu. Akakirudisha nyuma mpaka sura ya tatu, akatafuta pambizo alilolikumbuka. Pale, kwa penseli, penseli ya kweli, ya miezi kumi na tatu nyuma, mkewe aliandika: "Mdogo ndiye atakayeondoka." Chini yake yeye aliandika kwa buluu: "Haiwezekani. Mkubwa." Na chini ya hapo tena, kwa penseli: "Tukutane sura ya mwisho."

"Umeshinda," fundi alisema. Akalia mpaka mama mdogo akamtoa kitabu mikononi.

Mtoto alipona, kama kupona ni hivyo. Alianza tena kusema, kidogokidogo, mambo ya shule, mambo ya paka. Ukimwonyesha picha juu ya redio anasema, "Ni mama yangu," kwa heshima, kama anavyojibu swali la darasani, kwa sababu aliambiwa. Kufunga kamba alijifunza upya, kwa namna ya baba yake.

Basi fundi akaanza kumsimulia. Kila Jumapili saa tisa, mezani, riwaya zikiwa zimefungwa kabatini, alimsimulia mama yake tangu mwanzo, karani wa mahakama aliyehukumu vitabu, mafundo mawili na busu mbili, wimbo wa kuogea. Mara nyingine alikatika katikati, maana mengine aliyajua kutoka pambizo zile tu, na ilimchoma kumrudishia mtoto mali yake mwenyewe kama habari za mtu wa mbali. Chiriku alisikiliza kidevu kikiwa juu ya mikono. Siku moja akasema, "Huyu mama nimempenda, baba. Angeachwa aishi." Fundi akaenda kusimama jikoni kwa muda.

Jumapili ya tano, alipofika kwenye habari ya hospitali, alisimulia mpaka pale alipotumwa kitabu, akanyamaza. Hakuwa na zaidi. Chiriku aliinua kichwa. Uso wake ukawa na kitu ambacho fundi hakukiona tangu mazishi, kitu cha mtoto ambaye ana mama.

"Baba, hapo ninapakumbuka," alisema taratibu. "Hicho kimoja ninacho. Ulipotoka, mama aligeuka akatazama mlango, halafu akasema..."

Nyuma yao, upande wa kiti kitupu, ulimi ulilamba kidole.

Fundi aliweka kiganja juu ya mdomo wa binti yake. Aliweka kwa upole, kama unavyofunika kikombe kisiingie vumbi. Macho ya mtoto yalimtazama juu ya vidole vyake, makubwa, yenye maswali, na lile neno likiwa bado ndani, zima, halijasomwa na mtu. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. "Usiniambie," alinong'ona. "Mimi wala mtu mwingine. Hicho ni chako. Kaa nacho."

Kimya kikaanza kuenea mezani, na alikisikia kikisubiri. Kwa hiyo akaanza kuongea. Aliongea habari za lenzi, habari za mteja aliyekalia miwani yake mwenyewe, habari za mvua, habari za bei ya skrubu, kitu chochote, haraka haraka, bila kuacha pengo, mkono wake mmoja umemkumbatia mtoto. Majirani wanashangaa mpaka leo. Wanasema yule fundi miwani, mtu mkimya namna ile, siku hizi anaongea tangu anaamka mpaka analala, hata akiwa peke yake na binti yake, na kwamba mtoto humsikiliza tu, midomo ameifunga.